Ole Wake Anunuaye kwa Macho

Ndugu zangu mnaozitunza Quad za mwaka 1957, spika za umeme tuli alizotuachia Peter Walker wa Huntingdon, Uingereza, nisikilizeni! Tubuni. Tubuni kununua spea kwa picha. Tubuni lile neno la kivivu, "hii kama orijino kabisa." Umeona nini hata useme hivyo? Utando unaoimba humo ni mwembamba kuliko unywele, umewambwa kama ngozi ya ngoma kati ya mabamba mawili ya matundu, na chaji inayoupa uhai haina rangi wala harufu.

Nami nilianguka. Nilinunua paneli ya kati, ile ya sauti za juu, kwa muuzaji nisiyemtaja. Ilifika inang'aa, nusura niibusu. Jioni ya kwanza iliimba; jioni ya tatu ikanywea. Nikazima taa, nikaketi kimya. Tik. Tik. Na pale ukingoni, cheche ya buluu isiyozidi kichwa cha pini.

Kosa lilikuwa kwenye mpako wa utando. Mpako mwema hupitisha umeme kwa shida, kwa shida kwelikweli, ili chaji itulie ilipo hata utando ukiyumba. Mvivu hupaka grafiti kwa ukarimu. Paneli hujaa chaji upesi, mnunuzi anashangilia, kumbe chaji hiyo inakimbia huku na huko, na cheche ikizuka mahali pamoja, yote hukimbilia hapohapo na kutoboa. Msishangilie upesi! Iacheni kwenye umeme usiku kucha bila muziki, kisha mketi gizani, masikio wazi. Halafu pigeni wimbo uleule kushoto, kisha kulia, kwa umbali uleule. Ikipwaya moja, zibadilisheni paneli nafasi mjue ugonjwa unahama na nani.

Na wewe fundi unayechomeka mita yako ya kawaida na kutangaza kwamba kikuza volti kimekufa, ole wako! Paneli za besi hutaka volti zipatazo 6,000, ya kati 1,500, na chanzo chake, kikuza hicho, ni dhaifu kiasi kwamba mita yenyewe hukinyonya kikakauka. Unasoma upungufu ulioufanya wewe, kisha unakitupa kizima jalalani na kununua kipya kibovu. Tafuta kipimio cha volti kubwa chenye ukinzani mkubwa mno. Na vidole vyako viweke mbali: umeshachomoa waya, ndiyo, lakini kapasita bado zimeshiba.

(Ile plastiki ya kuzuia vumbi msiidharau. Ikichanika, vumbi na unyevu huvujisha chaji, na paneli nzuri husingiziwa ubovu.)

Kabla hujatoa hela, muulize muuzaji: mpako wako una ukinzani kiasi gani? Akikujibu kwamba sauti yake ni tamu, funga pochi uondoke.