Je, Mwenye Hofu Hana Imani?

Ndugu wasomaji, leo nataka kuandika juu ya neno ambalo watu wazima huona haya kulitaja, nalo ni hofu. Sisemi hofu ya simba wala ya moto, ambayo kila mtu huijua sababu yake. Nasema ile hofu imjiayo mtu ghafula, ilhali hakuna adui mbele yake wala nyuma yake: moyo humwenda mbio, pumzi hukatika, mikono hutetemeka, naye hudhani kwamba saa ya kufa kwake imefika. Swali langu ni hili: Je, mtu ashikwaye na hofu ya namna hii ana kosa? Je, ni dalili ya kwamba imani yake ni haba?

Swali hili sikulipata katika kitabu. Lilinipata mimi mwenyewe.

Tarehe 11 Machi 2015, hapa kwetu Mafinga, mahali paitwapo Changarawe, basi la abiria na lori lililobeba kontena yaligongana katika barabara kuu. Kontena likaliangukia basi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Mimi sikuwamo katika basi lile, wala ndugu yangu hakuwamo. Lakini ni nani katika mji huu asiyekumbuka huzuni ya siku ile? Miaka ikapita. Hata siku moja nalipanda basi kwenda Iringa kwa mkutano wa walimu, na nyuma yangu abiria wawili wakaanza kuisimulia ajali ile. Mara moyo wangu ukaanza kupiga kama ngoma. Vidole vikafa ganzi, jasho likanitoka, ingawa ulikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya Mafinga katika mwezi huo mnaijua. Nikamsihi kondakta anishushe. Nikaketi majanini kando ya njia, nikingoja kufa. Sikufa. Baada ya kama nusu saa nalikuwa mzima, ila miguu imelegea kama ya mtu atokaye kitandani baada ya homa.

Nalikwenda kwa tabibu. Akanipima moyo, akanipima damu, asione ugonjwa wo wote. Akaniambia, "Mwalimu, moyo wako ni mzima. Ulilopata ni shambulio la hofu." Maneno haya, badala ya kunifurahisha, yalinitia aibu. Mimi mwalimu, baba wa watoto, nishindwe na hofu kama mtoto aogopaye giza? Nikamweleza mzee mmoja niliyemheshimu. Akanijibu, "Mwalimu, amtegemeaye Mungu haogopi. Jichunguze." Nikajichunguza usiku na mchana, na sikupata kitu ila kuiogopa hofu yenyewe.

Tangu hapo naliacha kupanda basi. Nikaitiwa semina, nikasema nina kazi. Nikaalikwa arusini, nikasema mtoto anaumwa. Kisha mjomba wangu akafa huko Ilula, mbele ya Iringa. Mjomba huyo ndiye aliyenilipia ada nilipokuwa mwanafunzi. Nikatuma neno kwamba nina homa, wala sikuwa na homa. Mjomba akazikwa, nami nimekaa nyumbani kwangu. Ndugu zangu wakasema, "Elimu imemsahaulisha watu wake."

Basi, wasomaji, tulipime jambo hili kama wapimavyo nafaka. Kosa liko wapi? Liko katika moyo uliokwenda mbio, au katika homa ile ya uongo?

Wataalamu wa mwili hutufundisha kwamba juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo. Mtu aonapo hatari, tezi hizo hutia katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Mara moyo hupiga kwa nguvu ili kuipeleka damu katika miguu na mikono, pumzi huwa za upesi, na jasho hutoka ili mwili usipate moto mno. Haya yote ni matayarisho ya kupigana au kukimbia. Tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa walijificha huko Lugalo wakilingoja jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski. Ni nani atakayedhani kwamba mioyo yao ilipiga polepole saa ile? Walishinda, na hata leo Wahehe husifiwa kwa ushujaa wao. Wala mtu hasemi kwamba walikuwa waoga kwa kuwa mioyo yao ilipiga.

Kazi iyo hiyo ndiyo itendekayo ndani ya mtu aketiye katika basi na kushikwa na hofu, ila adui hayupo. Ni kama mbwa mwema wa mlinzi abwekaye usiku kwa sababu jani limeanguka. Mbwa huyu hana hatia. Amekosea tu, tena amekosea kwa kutupenda. Nasi hatumwui mbwa wa namna hiyo, bali twamzoeza. Wazee walisema, "Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka." Hawakusema kwamba ashtukaye amefanya dhambi.

Lakini mtu ataniuliza, "Je, Maandiko hayatuambii mara nyingi kwamba tusiogope?" Naam, yatuambia. Lakini mama amwambiapo mtoto wake "Usilie", je, anamhukumu? Anamfariji, na mkono wake u mgongoni pa mtoto. Mkumbukeni Eliya. Alisimama peke yake mbele ya manabii wa Baali, na baadaye kidogo akamkimbia Yezebeli hata nyikani, akaketi chini ya mti akitaka kufa. Malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena chakula. Kwanza mwili ulitunzwa, kisha ndipo nabii akaweza kwenda safari yake. Tena mkumbukeni Bwana wetu bustanini, alivyofadhaika, akawataka rafiki watatu wakeshe pamoja naye. Katika habari ile lawama haikumwangukia yeye aliyefadhaika. Iliwaangukia wale waliolala.

Hili ndilo jibu langu. Hofu imshikayo mtu bila hiari yake si dhambi, wala si kipimo cha imani. Lakini uongo tuutumiao kuificha huweza kuwa kosa, na aibu tumtiayo mwenzetu aliyeshikwa nayo ni kosa hakika. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 ulimwenguni walikuwa na maradhi ya hofu na wasiwasi. Je, tutasema kwamba wote hao ni watu wasio na imani? Ikiwa twaona haya hivi, ni ajabu gani wengi wao wakikaa kimya bila kutibiwa?

Sasa nataka kueleza mambo yaliyonifaa, maana kumwambia mtu "huna dhambi" na kumwacha akitetemeka si msaada wa kutosha.

Neno la kwanza ni kwenda hospitali, hasa kwa yeye apatwaye mara ya kwanza. Maradhi ya moyo, upungufu wa damu, na upungufu wa sukari mwilini huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi. Hata tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huufanya moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Tena mtu mwenye maumivu ya kifua yaendayo begani au tayani, au aliyezimia, asikae nyumbani akisema, "Ni hofu tu." Na apelekwe mara moja.

Pili, pumzi. Mtu ahemapo mbio mno huitoa kupita kiasi hewa ya kaboni iliyo katika damu yake, na kwa sababu hiyo vidole hufa ganzi na kichwa huzunguka. Naye akiona hivyo huogopa zaidi, akahema zaidi. Dawa yake ni kuvuta pumzi kwa pua ukihesabu hata nne, kisha kuitoa polepole ukihesabu hata sita, na kufanya hivyo kwa dakika kadhaa. Wanakwaya wameizoea kazi hii: huvuta pumzi mara moja, na kuitoa kidogo kidogo mpaka mstari wa wimbo uishe. Tena zoezi hili lifanywe kila siku mtu akiwa mtulivu. Hakuna ajifunzaye kuogelea siku ya gharika.

Tatu, kuyarudisha mawazo mahali ulipo. Taja kwa moyo vitu vitano uvionavyo: kiti, dirisha, kikapu cha mama yule, misonobari iliyo kando ya njia, kofia ya dereva. Sikiliza sauti. Gusa nguo yako. Jiambie, "Hili ni wimbi, litapanda, nalo litashuka." Na kweli hushuka, maana mara nyingi hofu ya namna hii hufika kilele chake kwa kama dakika 10, kisha hupungua yenyewe.

Nne, maisha ya kila siku. Mwili usiolala vizuri hushtuka upesi. Kutembea kwa miguu na kulima huutuliza mwili na kuleta usingizi. Sisi wa Mufindi twaishi karibu na mashamba ya chai, na kikombe chake hatukichukii. Lakini chai nzito na kahawa zina kafeini, nayo huuchochea moyo. Mwenye hofu apunguze, hasa jioni. Tena ajihadhari na ulanzi na pombe nyinginezo. Najua wanaume wasemao kwamba kikombe huondoa mawazo. Huyaondoa jioni, na asubuhi huyarudisha yakiwa pamoja na wenzake.

Tano, nalo ni gumu kuliko yote: usiikimbie kila mara. Kila mahali ukimbiapo, hofu hupajengea nyumba. Kwanza nalikimbia basi, kisha stendi, na mwisho hata sauti ya honi iliniudhi. Tabibu akanishauri nirudi kwa hatua ndogo. Wiki ya kwanza nalikwenda stendi, nikasimama karibu na mabasi, nikarudi nyumbani. Kisha nikaketi ndani ya basi lisiloondoka bado, nikashuka. Kisha nikasafiri mpaka Ifunda pamoja na mwalimu mwenzangu, nasi tukarudi siku ile ile. Safari ile moyo ulipiga sana, lakini nalikaa kitini mpaka ukatulia. Ndipo nilipofahamu kwamba ushujaa si kukosa hofu, bali ni kuketi pamoja nayo bila kuipa usukani.

Sita, mwenzi. Mwaka 2006 tabibu wa maradhi ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza kazi ya kuwafundisha bibi wazee kuketi katika mabenchi penye zahanati na kuwasikiliza wenye kusumbuliwa na mawazo. Washona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Wataalamu waliipima kazi hiyo, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba walioketi pamoja na wasikilizaji hao walipata nafuu kuliko waliopewa matibabu ya kawaida. Je, vijiji vyetu havina bibi? Havina vivuli vya miti? Lakini msikilizaji awe mtu asiye na haraka ya kuhukumu, tena ajuaye kunyamaza juu ya siri za watu.

Na kama haya yote hayatoshi, kuna matabibu wa maradhi ya akili, wenye matibabu ya mazungumzo na dawa pia. Watu hufanya mzaha kwa jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyoanzishwa mwaka 1927, kana kwamba kutibiwa akili ni fedheha. Mtu akivunjika mguu hatumcheki. Kwa nini tumcheke aumwaye ndani?

Namalizia kwa kusimulia safari moja. Baada ya Ifunda nalikwenda Iringa, na baada ya Iringa nalikwenda Ilula. Mke wa mjomba wangu alikuwa akichambua maharage mlangoni. Nikamsalimu, "Kamwene." Akaitikia bila kuinua macho. Nikaketi chini, nikamweleza yote: basi, majani ya kando ya njia, homa isiyokuwako. Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, kumbe ulikuwa mgonjwa, nasi tulikuwa tukikuhukumu. Lakini na wewe kwa nini hukutuambia? Tungekuja kukuchukua." Akanipeleka kaburini. Huko nalilia machozi ambayo ningalilia siku ile pamoja na ndugu zangu.

Ndugu msomaji, labda wewe hujapata kushikwa na hofu hii. Mshukuru Mungu, wala usijisifu. Lakini yumkini aketiye karibu nawe kanisani, au mwanafunzi wako atetemekaye mbele ya karatasi ya mtihani, au mke wako aamkaye usiku akitafuta pumzi, anaijua vema. Usimwulize imani yake iko wapi. Mwulize kama amekula na kama amelala, umwambie, "Tuketi. Nipo hapa." Na wewe uifichaye, kumbuka kwamba wazee walisema, "Mficha uchi hazai." Sema mapema, kabla hujaukosa msiba wa mtu umpendaye.

Mwalimu wa shule, Mafinga.