UJIRA WA MFANYA KAZI NA BAKHSHISHI YA MSAFIRI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Mola wa viumbe vyote, aliyewagawia waja wake riziki zao, akamfanya huyu kumhitaji yule na yule kumhitaji huyu, ili tupate kutumikiana. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekuwa mwema wa watu kwa mtumishi wake, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya, enyi ndugu zetu Waislamu wa pwani, jambo tutakalolieleza katika kijitabu hiki ni dogo machoni pa watu wengi, wala si dogo mbele ya Mwenyezi Mungu. Kila mwaka, zikija siku za Idi, na siku za Saba Saba, na siku za kufungwa shule, watu wetu wa Unguja na Pemba, wa Tanga na Bagamoyo, wa Mafia na Kilwa, hatta wa Mombasa na Lamu, hushika njia kwenda Dar es Salaam kutembea. Wako wateremkao bandarini, na wako waingiao kwa njia ya Kilwa wakapita Mbagala hatta Temeke, na wako wafikiao Kinondoni kwa jamaa zao. Siku zao huzimaliza pwani ya Kunduchi na Mbezi, au ufuko wa Coco wakila mihogo, au huvuka maji kwenda Kigamboni. Yote hayo ni halali, madhali hayana maasi ndani yake.

Walakini msafiri huyu hatembei kwa nguvu zake peke yake. Tokea ateremkapo chomboni hatta arudipo kwao, yumo mikononi mwa watu: hamali amchukuliaye mzigo, dereva wa bajaji na wa bodaboda, kijana amwekeaye kiti ufukoni, mtumishi amwandaliaye meza, mpishi asiyeonekana aliyeko motoni, mwanamke afagiaye chumba alicholala, na binti wa kazi katika nyumba ya jamaa yake, aliyeamka alfajiri kumtilia maji ya kuoga. Basi watu hawa, ama watakuwa mashahidi wetu Siku ya Kiyama, ama watakuwa mahasimu wetu. Tuangalie tutawaacha katika hali gani.

Ujira ni deni, bakhshishi ni hisani

Neno bakhshishi asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni kitu kitolewacho kwa ukarimu. Ujira si hivyo. Ujira ni haki ya mtu, na mwenye kuuzuia amedhulumu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba mfanya kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari kwa Abu Huraira, yumo katika watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, mtu aliyemwajiri mwenziwe, akamaliza kazi yake kwa ukamilifu, naye asimpe ujira wake.

Basi tazama, ewe ndugu yangu, afanyavyo mtu katika sisi. Humwita kijana akamtwika sanduku mbili na gunia la nazi, wala hamtajii bei. Wakifika garini, kijana akitaja haki yake, bwana hukunja uso akasema, “Mimi nilidhani umenisaidia tu,” akamtupia sarafu, kisha akajisifu kuwa ametoa bakhshishi. Huyu hakutoa bakhshishi, bali amekula ujira.

Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamelitazama jambo hili. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika kitabu chake Minhaj khabari ya mtu ampaye dobi au mshoni nguo, asitaje ujira. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba hapana ujira, kwa kuwa haukutajwa. Lakini imetajwa pia kauli kwamba mtu akiwa ajulikana kwa kazi ile kuwa ni ya ujira, basi apewe ujira wake, na kauli hiyo imehesabiwa kuwa ni njema. Sasa mtu mwenye kumcha Mungu hatajificha nyuma ya khitilafu ya wanazuoni ili aokoe shilingi elfu moja. Njia ya salama ni mbili: taja ujira kabla ya kazi, mkubaliane; na kama umesahau, lipa kama walipavyo watu wa mahali pale, kisha ongeza kidogo ili moyo wake uridhike.

Wala usimkamate dereva wa bodaboda ukambana bei kwa sababu wamwona ana njaa na mvua yanyesha. Kupatana bei ni sunna ya biashara, lakini kumkamua mwenye dhiki si katika murua wa Kiislamu. Kumbuka ya kuwa petroli ni ya kununua, na wengi wao chombo si chao, kila jioni yawapasa kumpelekea mwenyewe hesabu yake.

Na mji huu wenyewe una mafunzo. Sayyid Majid bin Said alipoanza kuujenga katika miaka ya 1860 na kuuita Bandari ya Salama, ulijengwa kwa mabega ya wachukuzi. Jina la Kariakoo, mtaa usio mbali na Temeke, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza katika vita vya 1914 hatta 1918. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wale walikufa kwa maradhi na uchovu, na wengi wao ujira wao haukuwafikia warithi wao. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mwaka 1948 wakagoma makuli wa Unguja. Hawakugoma kwa kutaka bakhshishi. Walitaka ujira uwatoshao kula. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa ukarimu wa siku moja unafuta dhuluma ya mwaka mzima.

Asili ya kuongeza juu ya haki

Huenda mtu akasema, “Bakhshishi ni desturi ya Wazungu na watalii wao. Mimi nimekwisha lipa, sina deni.” Tunamjibu: kweli huna deni, na hapana mwenye haki ya kukulazimisha. Lakini kuongeza juu ya haki si desturi tuliyoipata kwa watalii. Suwaid bin Qais amesimulia kuwa yeye na mwenziwe walileta nguo Makka, Mtume (S.A.W.) akanunua suruali kwao, na palikuwa na mtu apimaye kwa ujira. Mtume akamwamrisha apime, na mizani aielemeze upande wa muuzaji. Na alipokopa ngamia mdogo, alilipa ngamia aliye bora kuliko yule, akatueleza kuwa mbora wa watu ni yule aliye mwema katika kulipa.

Na Anas amesimulia khabari ya Abu Taiba, aliyempiga Mtume chuku. Mtume alimpa pishi ya chakula, kisha akasema na mabwana zake, nao wakampunguzia kodi waliyokuwa wakimtoza kila siku. Tazameni uzuri wa jambo hili. Kwanza alimlipa, kisha akaitazama hali yake nyuma ya kazi ile, ni nani anayemlemea, na akamsemea. Basi nawe, mtumishi akikuhudumia vizuri, usimpe fedha tu, mtaje kwa wema mbele ya bwana wake. Huenda neno lako likamfaa kuliko noti yako.

Tena Mtume ametwambia kuwa mtumishi akimletea mmoja wetu chakula, kama hakumkalisha ale naye, basi na ampe walau tonge moja au mbili, kwani yeye ndiye aliyeustahimili moto wake na taabu yake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Mpishi wa mgahawa wa Kunduchi ameukabili moto tangu asubuhi, na pengine nyumba yake iko Mbagala, akapanda gari mbili au tatu kufika kazini, na nauli zikala sehemu ya mshahara wake. Tonge lake ni lipi kwako?

Adabu za kutoa

Ya kwanza, toa kwa kadiri yako. Sharia haikuweka kiwango cha bakhshishi, wala serikali ya Tanzania haikukiweka. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Israa amekataza mkono kufungwa shingoni, na amekataza pia kukunjuliwa wote hatta mtu akabaki mwenye majuto. Mwenye kutupa noti ufukoni mbele ya rafiki zake, na nyumbani kwake Tanga ameacha deni la duka na ada ya mtoto, huyo hakufanya ukarimu. Na kama hati ya hesabu ya hoteli imekwisha kutia ada ya huduma, hapana lawama usipoongeza.

Ya pili, toa kwa siri na kwa heshima. Mpe mkononi, mtazame usoni, mshukuru. Usimtupie, usimwite kwa kupiga miluzi, wala usimwite mtu mzima “boi.” Anas alimtumikia Mtume miaka kumi, asisikie kwake hatta neno la kuchukizwa. Akiwa ni mkubwa wako mwamkie shikamoo, kwani umri hauvuliwi kwa kuvaa nguo za kazi.

Ya tatu, usifuatishe masimango. Katika Sura ya Al-Baqara tumeelezwa kuwa neno jema na msamaha ni bora kuliko sadaka ifuatwayo na udhia, na kwamba masimango hubatilisha sadaka. Mwenye kusema, “Jana nilikupa, leo wanichelewesha chai,” amezipoteza fedha zake na thawabu yake pamoja.

Ya nne, kwa mtumishi mwanamke, mpe waziwazi, inamisha macho, wala usifanye bakhshishi kuwa mlango wa mazungumzo. Na binti wa kazi wa nyumba uliyofikia, mpe mbele ya mama wa nyumba, ili asitiliwe shaka. Wengi wetu huwagawia watoto wa jamaa sikukuu, tukamsahau yeye aliyefua mashuka yetu, naye ni mtoto wa watu yuko mbali na mama yake.

Ya tano, usihesabu bakhshishi kuwa ni zaka. Zaka haitolewi kuwa badala ya utumishi. Ukimjua kuwa ni fakiri, mpe zaka yako mbali kwa nia yake, na ujira wake mbali.

Ya sita, asiyekuwa na kitu asione haya. Mtume ametuamuru kumlipa aliyetutendea wema, na tusipopata cha kumlipa, tumwombee. Dua ya kweli si bakhshishi ndogo. Ila tusiifanye dua kuwa hila ya mwenye mfuko uliojaa.

Bakhshishi na rushwa

Hapa ndipo penye hatari. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu mmoja, Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi akasema, hii ni yenu, na hii nimepewa zawadi. Mtume alighadhibika, akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama ataletewa zawadi. Ndiyo mizani ya jambo zima. Hamali na mtumishi wa mezani wapewa kwa kazi ya mikono yao. Ama karani, na askari wa njiani, na mwenye kushika mlango wa haki ya watu, ukimpa ili akutangulize mbele ya wenzio au akusamehe kosa lako, hiyo ni rushwa, hatta ukiiita chai au asante. Mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2007 yawatia hatiani wote wawili.

Kwa wenye hoteli na kwa wapokeaji

Nanyi wenye migahawa na nyumba za wageni, katika nyinyi mna Waislamu wenzetu. Msimwajiri mtu kwa ujira usiomtosha, mkamwambia, “Utajazia kwa bakhshishi za wageni.” Bakhshishi haijulikani itakuja au haitakuja, na ujira sharti ujulikane. Na zawadi ikishatiwa mkononi mwa mtu kwa ridhaa ya mtoaji, imekuwa milki yake. Bwana aichukuaye amekula mali ya mtu kwa batili. Kama mna sanduku la pamoja, ligawanywe kwa mapatano yao, na mpishi na mfagiaji wasisahauliwe.

Na wewe upokeaye, usidai kisicho haki yako, wala usizuie chenji ya mtu ukanyamaza. Usimhudumie mwenye gari kwa uchangamfu, na mwenye kanzu iliyochakaa kwa kununa. Umar alifunzwa na Mtume kuwa mali imjiayo mtu bila ya kuitamani wala kuiomba, aipokee, na isiyomjia asiifuate kwa roho yake. Shika hayo, uso wako utabaki na nuru yake.

Enyi ndugu zetu, mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abul-Mawahib kwa wingi wa vipaji vyake. Akasimulia kuwa fakiri mmoja alimwomba nguo alizozivaa, naye akampa. Njia ile ya Kilwa ipitayo Temeke yaelekea kwenye mji wake. Hatutakiwi tuvue nguo zetu. Twatakiwa tu, tunapoondoka Dar es Salaam, tusimwache nyuma yetu mtu tuliyemla jasho lake.

Ewe Mola wetu, tutakase na haki za waja wako kabla ya siku isiyolipwa kwa dinari wala dirhamu. Uwape wafanya kazi wetu riziki ya halali iliyo pana, na utujaalie safari zetu ziwe za salama na za kheri. Amin.

Wabillahi taufiki. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.