Kaa la Moto Lina Bei?

Ndugu msomaji, hebu tuchukue mfano. Kijana wa Kibondo anataka kujifunza kuandika programu za kompyuta. Bando la kumtosha hana. Anapanda gari hadi Kasulu, anamkuta fundi, fundi anamnakilia Python kwenye flashi, kisha anamwambia: "Leta elfu kumi. Hii ni mali yangu, usimpe mtu." Je, fundi ametenda haki?

Python ni lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Leseni yake inamruhusu yeyote kuichukua bure, kuinakili, kuibadili, hata kuiuza. Kwa hiyo kuomba elfu kumi si kosa. Tena tusimwonee fundi: bando kanunua yeye, umeme kalipia yeye, na kwa miaka mingi miji hii miwili ilitegemea jenereta za dizeli, si gridi ya taifa. Jasho lina bei, bwana.

Kasoro iko kwenye lile neno "mali yangu". Jirani akija kuomba moto hupewa kaa, na jiko lako halizimiki. Ukimtoza kwa kumpelekea hadi mlangoni, sawa, umetembea. Lakini ukimwambia moto wote ni wako, umemwibia. Umemwibia nini? Umemnyang'anya haki ya kujua kwamba na yeye anaweza kugawa.

Wengine watasema, eti akijua ni bure hatarudi tena dukani. Mimi nasema atarudi, kwa kuwa kazi ndiyo kwanza inaanza. Akifika nyumbani ataisimika Python bila intaneti, ataandika mstari mmoja:

print("Habari, dunia")

Atabonyeza Enta, na salamu itatokea. Akisahau mabano, itatokea lawama badala ya salamu. Hapo ndipo atakapohitaji mtu wa kumwelekeza, na maelekezo hayanakiliwi kwenye flashi. Hayo fundi ayauze bila aibu.

Aliyedanganywa ataificha flashi yake kama mganga afichavyo dawa. Aliyeambiwa kweli atamnakilia mwenzake wa Kakonko, na huyo naye mwingine. Wote wawili wameiamkia dunia kwa mstari uleule. Wewe, msomaji unayejua kitu kimoja ambacho mwenzako hakijui, unamwambia ni mali ya nani?