Ua la Kuiga

Kila ufikapo mwezi wa tatu Guangzhou huvaa zambarau. Si lilaki, ua la mji wa Harbin kule kwenye theluji. Lilaki haliwezi joto letu. Ni bauhinia, ambayo Wachina huiita yangtijia, yaani ukucha wa mbuzi, kwa kuwa jani lake limegawanyika kama kwato.

Sisi tunaopika keki za harusi hapa Xiaobei, katika jiko la ghorofani lisilotosha watu wawili, hutoka Jumapili na daftari kwenda kuyatazama maua kwa miguu hadi bustani ya Yuexiu. Aina ya mwanzo wa mwaka ina petali pana zilizolaliana, na nyuzi tano katikati. Ile ya mwezi wa kumi petali zake ni nyembamba, zimeachana, nyuzi tatu tu. Ya tatu, iliyomo katika bendera ya Hong Kong, ni kubwa, zambarau iliyokolea kuelekea damu ya mzee, nayo huchanua wakati wa baridi. Ukikosea hesabu ya nyuzi, Mchina anayejua maua ataicheka keki yako.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyotutia mawazoni. Ni chotara wa zile mbili na haizai mbegu. Ilionekana Hong Kong mwishoni mwa karne ya 19, ikapewa jina la gavana Blake mwaka 1908, na tangu hapo huenezwa kwa vipandikizi. Ni nakala ya nakala. Je, tuuite mti feki?

Swali hili lina uchungu kwetu. Katika mtaa huu wa biashara, mgeni hujifunza "feki" na "orijino" kabla ya "nihao". Mwaka juzi dada mmoja alituletea picha ya keki ya fundi wa Mombasa: asumini za sukari zikiteremka ngazi tatu. Tukaiiga petali kwa petali. Wageni wakasifu, wakauliza nani kabuni. Tukanyamaza, tukala sifa. Kisha tukaitia picha yake katika albamu yetu.

Kuiga ua hakutusumbui. Hakuna aingiaye ukumbini akadhani sukari imechumwa mtini, na mti haupungukiwi. Yule fundi je? Wapo kati yetu wasemao hakupoteza kitu, Mombasa ni mbali, na asumini naye hakuiumba. Hoja nzuri, ila aitoaye hakuwapo siku tuliyoulizwa mbele ya watu. Hata ule mti usiozaa hutajwa pamoja na ulikotoka. Asumini ni za kila mtu. Tulichomnyima fundi ni jina lake.

Mwezi uliopita tuliandika chini ya ile picha: "Ubunifu wa fundi wa Mombasa." Mteja wa kwanza kuyasoma maneno hayo aliuliza kama bei ya fundi huyo ni nafuu kuliko yetu. Tukamtafutia namba yake.