Pole na Kazi

Mpita njia akimkuta mtu shambani ameinama na jembe lake, hampiti kimya. Humwambia, "Pole na kazi." Naye huinuka kidogo, hufuta jasho, huitikia, "Nimeshapoa," kisha huendelea kulima. Ni maneno machache, tena yamezoeleka hata twayasema bila kuyasikia. Lakini na tuyatazame kwa upande wa mtu asiye na kazi. Huyo ataulizwa habari za asubuhi na habari za nyumbani. Pole ya kazi hapewi, maana apewe kwa lipi? Twadhani uchungu wa kukosa kazi huanzia hapo, kabla hata ya njaa: mtu yuko kijijini, lakini hayumo katika hesabu ya wanaotegemewa.

Aliyefika Kibara, katika wilaya ya Bunda, si mbali na Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria, anajua jinsi riziki ya huko inavyofuata majira. Pamba ina msimu wake. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi hukaa ufukoni. Hapo mwenye mtumbwi hupumzika, na mtu wake wa kutwa hukosa kazi. Wote wawili huonekana wameketi chini ya mti mmoja, na mgeni hawezi kuwatofautisha. Lakini mmoja anangoja giza lirudi, na mwingine anangoja kuitwa. Neno letu kibarua, kwa asili, ni barua ndogo, yaani kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa ili ziandikwe siku alizofanya kazi. Siku isiyoandikwa haikuwa na ujira.

Je, msikiti na kanisa vina wajibu gani kwa mtu huyo wa chini ya mti? Wako wanaokimbilia haraka maneno ya Mtume Paulo, fundi wa mahema, aliyewaonya Wathesalonike juu ya kula pasipo kufanya kazi. Hao wayasome tena. Onyo lile lilimhusu asiyetaka kazi. Halikumhusu aliyeitafuta akaikosa. Wa pili huyu yumo katika mfano wa shamba la mizabibu. Mwenye shamba aliwakuta watu wamesimama hata saa kumi na moja, akawauliza sababu, nao wakajibu kwamba hapana aliyewaajiri. (Saa hiyo ndiyo saa yetu kumi na moja hasa, jua likielekea kuzama, msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa.) Baada ya jibu lile hakuwahubiria juu ya uvivu. Aliwapeleka shambani.

Waislamu nao wana kisa kilichopokewa katika Hadithi. Mtu mmoja wa Ansari alikwenda kwa Mtume Muhammad (s.a.w.) kuomba msaada. Mtume alimwuliza nyumbani kwake mna nini. Hamkuwa na kitu ila nguo ya kujifunika na chombo cha kunywea maji. Mtume akavinadi mbele ya watu, vikauzwa kwa dirhamu mbili: moja ya chakula cha nyumbani, moja ya kununulia shoka. Kisha akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia aende akate kuni auze, wasionane kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa amechuma dirhamu kumi. Hapa pana jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita upesi. Shoka lile lilinunuliwa kwa mali ya maskini mwenyewe. Mpini ulitoka kwa Mtume. Shoka lilikuwa lake, na kuni zilikuwa zake, na hakuna aliyemfuata msituni kumsimamia.

Twalitilia mkazo hilo kwa sababu kazi peke yake haimpi mtu heshima. Mtumwa alifanya kazi kuliko bwana wake. Hata ukombozi waweza kubakiza kivuli cha minyororo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, waliwapokea waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto, wakawafundisha ufundi na kilimo. Lilikuwa jambo la rehema. Lakini waliolelewa pale walilima shamba la misheni kwa kengele ya misheni, na ni halali kuuliza ni lini walipata kulima lao. Serikali nayo ilijifunza kwa gharama. Chini ya Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, watu waliodhaniwa kuwa hawana kazi walikamatwa Dar es Salaam wakapelekwa mashambani, na wengi walirudi mjini. Nia haikuwa mbaya, ila jembe walilopewa lilifanana na adhabu.

Methali tuliyoizoea, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, Mwalimu Nyerere aliitumia katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa. Wengi huitaja kwa kumsuta mgeni. Sisi twaona kwamba neno zito ndani yake ni "mpe". Mwenyeji ndiye anayeamriwa. Asipotoa jembe, hana haki ya kumlaumu mgeni. Mwalimu huyohuyo, mtoto wa Butiama aliyebatizwa Nyegina karibu na Musoma mwaka 1943, aliwaambia Masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiridhike kuwaliwaza maskini, bali lishiriki kuiondoa mifumo inayowafanya kuwa maskini.

Nguvu ya jumuiya za dini ni kwamba zinawajua watu kwa majina. Ofisi ya serikali, nasi twaijua kwa kuitumikia, huwajua kwa idadi. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozitilia mkazo jumuiya ndogondogo mwaka 1976, waliweka ibada mikononi mwa majirani. Na jirani ndiye ajuaye kwamba mtoto wa fulani ana mikono ya useremala lakini hana msumeno. Mkoani Mara Dayosisi ya Anglikana imekuwa na kituo chake Mogabiri, karibu na Tarime, cha kuwafundisha wakulima kilimo na ufugaji. Msikiti wenye zaka iliyokusanywa vizuri waweza kununua nyavu badala ya kugawa sarafu mlangoni.

Limebaki jambo moja, nalo halipendezi kusemwa. Mara nyingi ukuta wa kanisa ukitaka kujengwa, au kisima cha msikiti kikitaka kuchimbwa, huitwa kwanza vijana wasio na kazi, wajitolee, kwa kuwa "wana nafasi". Mwalimu wa shule akijitolea Jumamosi, mshahara wake wa mwezi uko palepale. Kijana yule ametoa kitu pekee alichokuwa nacho cha kuuza, na jioni anarudi kwa mama yake mikono mitupu, amesifiwa. Mwenye shamba la mizabibu hakufanya hivyo. Jioni ileile alimwita msimamizi wake, akaamuru walipwe wote, kuanzia wale waliokuja mwisho.