Farasi, Punda na Gari la Pili



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Amma baad.

Ndugu zangu wanafunzi, haya ni maneno ya darsa niliyoitoa baada ya swala ya Ijumaa, na wahariri wa jarida letu wameniomba niyaandike kwa urefu kidogo. Darsa ilitokana na swali. Kaka yetu mmoja, aliyemaliza masomo miaka kadhaa iliyopita na sasa anafanya biashara kati ya Gisenyi na Goma, alinijia akaniambia: "Ustadh, nina gari la spoti, BMW Z4, la viti viwili. Nataka kununua la pili, la kazi za kila siku. Je, huo si ubadhirifu? Na kama si ubadhirifu, ninunue lipi?"

Nilipolitaja swali hili msikitini baadhi yenu mlicheka. Nilisikia hata mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba sisi tunapanda moto tarehe za mwanzo wa mwezi, na tarehe za mwisho tunatembea kwa miguu toka Mbugangari, habari ya magari mawili inatuhusu nini? Inakuhusu. Kwanza, miaka mitano si mingi. Pili, gari la spoti umeshalinunua moyoni, na picha yake umeiweka kwenye simu yako. Tatu, swali lenyewe lina mlango mkubwa kuliko gari.

Nianze na hukumu, maana ndiyo nyepesi. Katika Sura An-Nahl, aya ya 8, Allah anataja farasi, nyumbu na punda, na anatueleza kwamba amewaumba tuwapande na wawe pambo. Angalieni, mambo mawili yametajwa pamoja: kupanda na kupamba. Kisha aya inamalizia kwa kusema kwamba anaumba na tusivyovijua, na wafasiri wengi wa zama zetu wakifika hapo hutaja magari na ndege. Kwa hiyo pambo la kipando si haramu kwa asili yake. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, alifundisha kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim.

Na idadi je? Imo pia katika Muslim, kutoka kwa Jabir (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alivihesabu vitanda vya nyumbani: kimoja cha mume, kimoja cha mke, cha tatu cha mgeni, na cha nne ni cha shetani. Mimi ninavyoielewa, vitanda vimehesabiwa kwa watu wanaolala juu yake. Kitanda kisicho na mtu ndicho kilichopata mwenyewe mwingine. Basi kaka yetu asiniulize kama magari mawili ni mengi. Ajiulize nani atakaa ndani yake.

Sasa tuje kwenye hadithi iliyonifanya nilipende swali hili. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba farasi ni wa namna tatu kwa wenyewe. Yupo ambaye farasi kwake ni thawabu, yupo ambaye kwake ni sitara, na yupo ambaye kwake ni mzigo wa dhambi. Wa kwanza amemfunga farasi wake katika njia ya Allah, na huyo huandikiwa mema hata kwa nyayo za farasi na kwa mavi yake, hata kwa maji ambayo farasi alijinywea mtoni bila mwenyewe kukusudia kumnywesha. Wa pili amemweka ili ajitosheleze na asiwe mwombaji, wala hakuisahau haki ya Allah katika shingo ya farasi na katika mgongo wake. Wa tatu amemweka kwa fahari, kwa kujionyesha, na kwa uadui dhidi ya Waislamu.

Ningependa msimame kidogo kwenye mgongo. Shingo ya mnyama wanazuoni wameizungumzia sana, kuna haki za mali na za kumtunza. Lakini mgongo una haki gani? Miongoni mwa waliyoyaeleza ni kumpandisha asiye na kipando na kumwazima mwenye haja. Ninyi mnajua kwamba gari la kutumia halina zaka, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amesema hakuna zaka kwa Muislamu juu ya farasi wake, gari lenye zaka ni lile ulilolinunua ili uliuze, hilo utalipa asilimia 2.5 ya thamani yake. Basi wengi wakishasikia "halina zaka" hufunga kitabu. Mgongo wanausahau. Na mgongo wa gari ni viti vyake.

Halafu maswahaba wakauliza swali ambalo nadhani ni swali la kaka yetu hasa. Wakauliza: na punda je? Farasi alikuwa mnyama wa vita na wa fahari, ana mashairi yake na nasaba yake. Punda alikuwa wa kuni, maji na soko, yaani ndiye gari la pili. Mtume (s.a.w.) akajibu kwamba hakuteremshiwa jambo mahususi juu ya punda isipokuwa aya moja ya pekee, inayokusanya kila kitu, ile ya Sura Az-Zalzala, kwamba atendaye wema wa uzito wa chembe atauona, na atendaye uovu wa uzito wa chembe atauona.

Farasi wamepangiwa mafungu matatu, punda ameachiwa chembe. Na hivyo ndivyo maisha yalivyo. Gari la spoti utalitoa Jumamosi, utapita nalo kando ya ziwa, watu watatazama, utalirudisha. Hesabu yake inajulikana. Hili la kila siku ndilo litakalopita sokoni, hospitalini, mazikoni, Petite Barrière asubuhi wakati watu wamejaa njiani, na mvua ya jioni wakati jirani yako amesimama chini ya mti na mtoto. Chembe zako ziko humo.

Na sisi tunajua punda aliwahi kumbeba nani. Muadh bin Jabal (r.a.) anasimulia kwamba alikuwa amepanda nyuma ya Mtume (s.a.w.) juu ya punda aliyeitwa Ufayr, na hapo ndipo alipofundishwa haki ya Allah juu ya waja na haki ya waja kwa Allah. Somo zito kama hilo lilitolewa juu ya mgongo wa punda, kwa abiria wa nyuma. Punda yule alikuwa na nafasi ya mtu wa pili, na nafasi ile haikuachwa tupu.

Nilipomfikisha kaka yetu hapa alinyamaza. Kisha akanieleza kisa ambacho amenipa ruhusa nikisimulie bila jina lake.

Mnaukumbuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka. Wengi wenu mlikuwa bado sekondari. Mbingu ya upande wa Goma iligeuka nyekundu, na maelfu ya watu wakaja kwetu kwa miguu, wamebeba magodoro na watoto. Siku zilizofuata ardhi ikatetemeka hapa Gisenyi na nyumba zikapasuka. Kaka yetu alikuwa Goma usiku ule, na gari lake. Akaingia kwenye foleni ya kuja mpakani, inasogea mwendo wa mguu, watu wanapita kushoto na kulia. Kwenye kiti cha pembeni alikuwa ameweka kompyuta, sanduku la nguo na katoni ya simu za dukani.

"Mama mmoja aligonga kioo," akaniambia. "Mtoto mgongoni, mwingine amemshika mkono. Nikamwonyesha kiti kwa ishara, kwamba kimejaa. Akaitazama katoni. Akanitazama mimi. Akaendelea kutembea."

Akasema tangu usiku ule amekuwa akijiambia kwamba lau angekuwa na gari la viti vitano angempakia. Na ndiyo sababu ya gari la pili.

Ndugu zangu, ningeweza kumpa maneno matamu. Lakini ameniuliza kama ustadh wake, nami nikamwambia: "Kaka yangu, kiti kilikuwepo. Kilichokaa juu yake ni katoni. Ukinunua gari la viti saba, katoni nazo zitaongezeka." Aliinamisha kichwa. Sikusema vile kumuumiza. Kama ningemwachia aamini kwamba kosa lilikuwa la gari, angenunua gari jingine na kubaki na moyo uleule.

Abu Said al-Khudri (r.a.) anasimulia, na imo katika Sahihi Muslim, kwamba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), akaja mtu juu ya mnyama wake, akawa anageuza macho kulia na kushoto. Hakusema kitu. Mtume (s.a.w.) akayaona yale macho, akawaagiza kwamba mwenye ziada ya kipando amsaidie asiye na kipando, na mwenye ziada ya chakula amsaidie asiye na chakula. Akaendelea kutaja aina za mali, mpaka wakadhani kwamba hakuna yeyote kati yao mwenye haki katika kilichozidi. Ziada ya kipando! Sijui maneno mengine yanayolifaa gari la pili zaidi ya hayo. Na katika safari ya Badr ngamia walikuwa wachache, wakapokezana watu watatu kwa ngamia mmoja. Wenzake wawili wa Mtume (s.a.w.), Ali na Abu Lubaba, wakataka watembee wao ili yeye apande tu, akawakatalia, kwamba wao hawana nguvu kumshinda, na yeye pia anazihitaji thawabu kama wao.

Wazee wetu wa Majengo wanalijua hili kwa mikono yao. Zamani, shule zilipokuwa mikononi mwa misheni na mtoto wa Kiislamu akipata tabu kuingia, wengi wa Waislamu wa Rwanda walishika biashara ndogo na udereva. Waliendesha magari ya wengine. Mzee wa namna hiyo akikusimulia safari, hakutajii kasi, anakutajia aliowabeba. Na leo nendeni Petite Barrière mkawatazame ndugu zetu walemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu, wanazungusha kwa mikono, wamepakia mizigo ya kuvuka Goma mpaka usimwone mwenyewe. Pale ng'ambo, mji wa Goma umeweka kwenye mzunguko wa barabara sanamu ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Hukumu ya sanamu tuiache leo. Nasema tu kwamba mji wenye matajiri wa magari makubwa, ulipotaka kuheshimu chombo kimoja, ulichagua cha mbao.

Upo mtego mwingine ambao kaka yetu hakuuuliza, lakini ninyi mtakuja kuutegea wenyewe. Mtu ananunua gari kuukuu la pili ili alipeleke msikitini, na lile la fahari analipeleka hotelini kando ya ziwa. Hiyo nayo ni riya, imevaa kanzu tu. Kama unalionea haya gari lako mbele ya Waislamu wenzako, tatizo halitafichwa na Corolla. Na anayelikata bomba la moshi ili gari lingurume usiku wa manane, asome wasia wa Luqman kwa mwanawe juu ya kuteremsha sauti, aya ya 19, aone sauti ya mnyama gani imetajwa pale. Amelipa pesa za farasi akapata mlio wa punda.

Basi nikamjibu la mwisho, lipi anunue. Nikamwambia asikope kwa riba, maana gari la wema lililoanzia kwenye riba limeshapata hasara kabla ya kuwashwa. Nikamwambia atafute lililoinuka, kwa matuta yetu na mawe ya volkano ya Goma, lenye milango minne ambayo mama mzee anaweza kuingia bila kukunjwa, na ambalo fundi wa hapahapa analijua na vipuri vyake vinapatikana. RAV4 iliyotumika inatosha. Na asilipende sana, mpaka akaogopa matope ya viatu vya watu. Lile la spoti sikumwambia auze. Nilimwambia tu kwamba akitoka nalo, kiti cha pembeni kisiwe stoo.

Akaniuliza: "Na yule mama, Ustadh? Nitampata wapi nimwombe radhi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia alete istighfari kwa wingi na amwombee dua yeye na watoto wake. Tukakaa kimya mpaka adhana ya Alasiri.

Alinipigia wiki iliyofuata kutoka kwa wauza magari. Hakuniuliza rangi wala mwaka. Aliniuliza kama viti vya nyuma vikikunjwa mgonjwa anaweza kulala, nikamwambia apime kwa kulala mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.