Deni la Jasho na Hazina ya Mji

Ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Hukumu hii ni nyepesi kwa mwenye fedha. Uzito wake huonekana pale mdaiwa anapokuwa hana kitu ila kile ambacho wajukuu wake watakihitaji. Mji wa Detroit, katika jimbo la Michigan, Marekani, ulitiwa katika mizani hiyo mwaka wa 2013, na swali lililoulizwa huko linaihusu miji yote: je, ni haki kuuza uzuri ili kulipa jasho?

Utajiri wa Detroit ulitoka viwandani. Kampuni ya Ford ilianzishwa huko mwaka wa 1903, na mwaka wa 1914 ilitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, tangazo lililovuta watu kutoka pande nyingi. Biashara ilizaa kodi, na kodi ikalea sanaa. Jumba la sanaa, lililoasisiwa mwaka wa 1885, liliingia katika miliki ya mji mwaka wa 1919, na baadhi ya hazina zake zikanunuliwa kwa fedha za umma. Mojawapo ni sura ya Vincent van Gogh, aliyojichora mwenyewe, iliyonunuliwa mwaka wa 1922. Katika miaka ya 1932 na 1933 Diego Rivera wa Meksiko alichora juu ya kuta za jumba hilo wafanya kazi wa viwanda vya magari, na Edsel Ford akagharimia kazi hiyo. Mwezi wa Machi 1932, kabla ya rangi kugusa ukuta, watu wasio na kazi walioandamana kwenda kiwanda cha Ford walipigwa risasi, na baadhi yao wakafa. Mkono mmoja wa utajiri uliwaheshimu wafanya kazi ukutani, na mwingine ukawafukuza langoni.

Baadaye neema ilihama. Mwaka wa 1950 mji ulikuwa na watu zaidi ya 1,800,000. Mwaka wa 2010 walikuwa wamebaki karibu 714,000. Motown, kampuni ya muziki iliyozaliwa hapo mwaka wa 1959, ilihamia Los Angeles mwaka wa 1972. Duka kubwa la Hudson's lilifungwa mwaka wa 1983. Biashara ina miguu. Jumba la sanaa halina, wala mzee aliyestaafu hana pa kuhamishia miaka aliyokwisha kuitumikia.

Julai 2013 mji ulijitangaza mahakamani kuwa umefilisika, ukidaiwa kiasi cha dola bilioni 18. Wadai wakayainua macho kuzitazama picha. Christie's, wafanya mnada, walikadiria kwamba vitu vilivyonunuliwa na mji vina thamani ya kati ya dola milioni 454 na 867. Waliotaka kuuza walisema kwamba picha haisikii njaa, na mzee huisikia. Waliokataa walisema kwamba hazina hiyo ni wakfu. Mwanasheria Mkuu wa Michigan alitoa rai hiyo mwezi wa Juni mwaka ule ule.

Kila upande ulishika nusu ya haki. Wakfu ni amana ya waliokufa kwa wasiozaliwa, na aliye hai ni mlinzi wake tu. Lakini pensheni nayo ni amana: ni ujira ambao mzima moto au mfagizi aliuacha mkononi mwa mji ili aukute uzeeni. Si sadaka, hata apewe akibaki. Na mnada usingemfaa yeye peke yake, kwa maana wadai wakubwa nao walikuwa wamenyosha mikono.

Mwaka wa 2014 njia ya tatu ilipatikana. Mifuko ya hisani, ukiwamo mfuko wa Ford, iliahidi dola milioni 366. Serikali ya jimbo ikatoa karibu milioni 195. Jumba lenyewe likaahidi kukusanya milioni 100. Fedha hizo zilielekezwa katika pensheni, na jumba likatoka katika miliki ya mji likawa chini ya shirika lisilo la faida. Hakuna picha iliyouzwa. Walakini watumishi wa kawaida waliostaafu walipunguziwa asilimia 4.5 ya pensheni zao, wakanyimwa na nyongeza ya kufuata bei.

Suluhu hiyo yastahili sifa, lakini sifa isifunike hesabu. Tajiri alitoa sehemu ya ziada yake. Mzee alitoa sehemu ya chakula chake. Basi katika orodha ya wafadhili wa jumba lile mzee anastahili mstari wa kwanza. Uzuri wa mji una haki ya kuhifadhiwa, lakini heshima yake hutimia siku ile mlinzi wake anapoweza kumtazama mfanya kazi aliyechorwa ukutani, na yule anayepita barabarani, bila kumwonea haya hata mmoja.